Mahari ni ya Nani? Arusi za Ujiji na Mizigo Iliyoongezeka Njiani

  

Mwezi wa Juni 2024 alitujia kijana mmoja mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulikuwa umefungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana, naye hakuwa na kipato kingine. Alikuwa ameoa miezi michache kabla ya hapo, na arusi yake ilisifiwa mtaa mzima. Alitoa kilemba cha baba, mkaja wa mama, haki ya mjomba, haki ya bibi na kifungua mlango. Alilipia ukumbi, sare na mpiga picha. Sehemu kubwa ya fedha hizo aliikopa, na rehani ilikuwa injini ya mtumbwi wake. Swali lake lilikuwa hili: mahari ya mkewe haijalipwa hata shilingi moja, je, bado anadaiwa ilhali amekwisha kutoa mali yote ile?

Tulimjibu kwamba anadaiwa. Mahari ni deni lililo shingoni mwake mpaka alipe au mke mwenyewe asamehe kwa ridhaa yake. Lakini swali lake halikutuacha. Imekuwaje katika mji wa kale wa Kiislamu kama Ujiji, kila mtu apate chake katika arusi isipokuwa bibi arusi? Tumeona ni vyema tuirejee historia.

MAHARI KABLA YA UISLAMU

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na mahari, lakini mara nyingi haikumfikia mwanamke. Wanazuoni wa lugha wametuhifadhia maneno mawili yanayoonyesha hali hiyo. La kwanza ni "hulwan", yaani kile anachokichukua baba kwa ajili ya nafsi yake kutoka katika mahari ya binti yake. La pili ni "nafija". Mtu alipozaliwa mtoto wa kike, alipongezwa kwa kupata nafija, kwa maana ya kwamba siku moja ngamia za mahari yake zitaingizwa katika ngamia za baba na kundi litaongezeka.

Qur'ani ikaja ikaliondoa jambo hilo. Katika aya ya 4 ya Surat An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao kuwa ni kipawa, na akahalalisha kula sehemu yake pale tu wanapoitoa wenyewe kwa moyo mkunjufu. Imamu Tabari amepokea katika tafsiri yake kauli kwamba wanaoambiwa hapo ni mawalii, waliokuwa wakiwaoza wanawake kisha wakijichukulia mahari yao. Basi tangu siku hiyo mahari ina mwenyewe, naye ni mmoja tu.

KIASI CHAKE NA CHAKULA CHAKE

Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, kama alivyopokea Imamu Muslim, kwamba mahari ya wake wa Mtume (S.A.W.) ilikuwa wakia 12 na nusu, yaani dirhamu 500 za fedha. Sayyidna Ali (R.A.) alipomuoa Bibi Fatima (R.A.) hakuwa na kitu, akatoa deraya yake ya vita. Vyombo vya bibi arusi huyo, aliye binti wa mbora wa viumbe, vilikuwa nguo nzito ya kujifunika, kiriba cha maji na mto wa ngozi uliojazwa nyasi za idhkhir. Yupo na swahaba aliyeozwa kwa kumfundisha mkewe Qur'ani baada ya kukosa hata pete ya chuma.

Kuhusu walima, Abdurrahman bin Auf (R.A.) aliamrishwa afanye walau kwa mbuzi mmoja. Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Zainab bint Jahsh alichinja mbuzi mmoja, na Anas (R.A.) amesema hakumuona akifanya walima mkubwa kuliko huo kwa mke yeyote. Alipomuoa Bibi Safiya mwaka wa 7 Hijria, wakiwa safarini kutoka Khaibar, palitandikwa ngozi chini na kila mwenye kitu akaambiwa akilete. Huyu akaleta tende, yule samli, mwingine jibini kavu, vikachanganywa, watu wakala. Huo ndio mchango uliothibiti katika Sunna: chakula kilicholetwa na aliyekuwa nacho, si kadi yenye kiwango ambacho asiyekifikia haruhusiwi kuingia. Tukumbuke pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikitaja kuwa chakula kibaya kabisa kile cha walima ambao matajiri huitwa na masikini wakaachwa.

NJIA YA KUTOKA PWANI

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliikuta tayari ni kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliotoka Pwani kupitia Tabora. Katika miaka ya 1870 kiongozi wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Pwani. Wageni hao waliishi pamoja na Waha wenyeji, na Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, wakaoana. Sokoni walitumia shanga na nguo, wakiuziana chumvi ya Uvinza, mawese, samaki na pembe za ndovu. Kitambaa cha merikani kilichopimwa kwa doti, yaani mikono 8, kilikuwa ndiyo fedha ya njia nzima.

Katika njia hiyo hiyo dini ilipita, na desturi za Pwani zikapita pamoja nayo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Velten mwaka 1903, ameviandika vitu hivi vya arusi. Tuyatazame majina yenyewe. Kilemba ni kitambaa cha kichwani. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mama tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Vyote vitatu ni nguo! Asili yake ni heshima kwa wazazi: baba avae kilemba siku ya furaha yake, na mama akumbukwe uchungu wake. Waha nao walikuwa na mila yao ya ng'ombe, mbuzi na majembe baina ya koo mbili.

Hatuoni ubaya katika heshima hiyo. Ubaya uliingia pale kipande cha nguo kilipogeuka fedha taslimu, fedha ikageuka sharti, na sharti likawekwa mbele ya mahari. Hapo kilemba kikawa ni ile hulwan ya Jahiliya, imerudi ikiwa imevaa jina la Kiswahili.

WANAZUONI WAMESEMAJE?

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho sana na Mashafii wa Afrika Mashariki, ameeleza kwamba mtu akioa kwa elfu moja kwa sharti kuwa baba naye apate elfu moja, mahari iliyotajwa inafisidika, na mke anastahiki mahari ya mfano wake. Ndoa inabaki sahihi. Imamu Malik ameona kilichoshurutishwa wakati wa kufunga ndoa ni cha binti. Imamu Ahmad amemruhusu baba ajishurutishie. Hivyo ikhtilafu ipo, lakini ruhusa hiyo ni ya baba, wala haimfikii mjomba, shangazi na mlinda mlango. Ama zawadi itolewayo kwa hiari bila kushurutishwa, hiyo ni ihsani, na mtoaji analipwa.

Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikuifanya ndoa kuwa batili kwa kutotimizwa mila za mahari au zawadi.

Wala tusidhani maradhi haya ni ya mafukara tu. Umoja wa Falme za Kiarabu, pamoja na mafuta yake, ulianzisha Mfuko wa Ndoa mwaka 1992 kuwasaidia vijana walioshindwa na gharama, na mwaka 1997 ukatunga sheria ya kuweka ukomo wa mahari.

ARUSI NZURI KWA MALI KIDOGO

Ndugu zetu maimamu, anayetaka arusi nafuu asianze kwa kupunguza haki ya bibi arusi. Huyo ndiye wa kwanza kulipwa. Aulizwe yeye mwenyewe anataka mahari gani, na walii asimjibie. Ikiwa yote haipatikani, sheria inaruhusu sehemu itangulizwe na sehemu iakhirishwe, lakini iandikwe na mashahidi waijue. Kisha ndoa ifungwe msikitini baada ya Swala ya Alasiri, na walima uwe mlo mmoja wa wali na mbuzi, au migebuka ya ziwa letu, majirani wakileta mchele, mawese na kuni kama walivyozoea mama zetu. Wazazi wapewe nguo, kila mmoja kipande chake, kama jina linavyosema. Kisichopatikana kisikopwe.

Uzuri wa arusi ni ndoa kutangazwa, masikini kula pamoja na tajiri, na maarusi kulala usiku ule bila kudaiwa na mtu.

Ama yule kijana, mkewe alikubali kumngoja mpaka ziwa lifunguliwe. Aliyemkopesha hakungoja; aliichukua injini. Watu wote waliopokea haki zao katika arusi ile hawakuwepo siku hiyo. Aliyekuwa naye ni yule mmoja ambaye hakupewa kitu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasahilishie vijana wetu ndoa za halali na azitie baraka. Wabillahi tawfiq.