Mwanafunzi wa Kiyunani na Waimbaji Wasiojua Kusoma

Wale wanaojifunza Kiyunani na Kilatini cha kale hujifunza kwa vitabu, maana watu waliosema lugha hizo kwa namna ile hawako tena. Kwa hiyo si ajabu mtu akidhani ya kuwa elimu hiyo yote imo ndani ya maktaba. Habari za Milman Parry zaonyesha jinsi mwanafunzi mmoja alivyoanza kwa vitabu, na vitabu vyenyewe vikamtoa nje kwenda kuwasikiliza watu.

Parry alizaliwa Oakland, California, katika mwaka wa 1902. Alisoma katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, akapata shahada ya pili katika 1923. Kisha akaenda Paris kusoma katika chuo cha Sorbonne. Swali alilolichukua lilikuwa la Homer, ambaye Wayunani walimhesabu kuwa mtungaji wa Iliad na Odyssey. Tangu Friedrich August Wolf alipotoa kitabu chake katika 1795, wataalamu walikuwa wakishindana: je, tenzi hizo ni kazi ya mtu mmoja, au ni vipande vya watu wengi vilivyounganishwa?

Parry alianza na jambo dogo, yaani maneno ya sifa. Kila msomaji wa Homer huona ya kuwa merikebu huitwa “zenye mbio” hata zikiwa zimevutwa pwani. Kwa nini? Mstari wa Homer haupimwi kwa idadi ya mizani kama utenzi wetu, bali kwa mpango wa silabi ndefu na fupi. Basi Parry aliona ya kuwa nafasi iliyobaki mwishoni mwa mstari ikiwa kubwa, Odysseus huitwa “mtukufu mwenye kuvumilia mengi”. Ikipungua, “mwenye mashauri mengi”. Ikiwa ndogo zaidi, “mtukufu” tu. Kwa kila nafasi pana sifa moja, na ya pili ni nadra. Mpango mpana namna hiyo hauwezi kubuniwa na mtu mmoja. Ni urithi wa waimbaji wa vizazi vingi. Hayo aliyaandika kwa Kifaransa katika vitabu viwili, akapewa udaktari katika 1928.

Hapo angaliweza kutulia. Alipata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Drake, na mwaka uliofuata katika Harvard. Lakini jambo moja lilikuwa limebaki. Alikuwa amethibitisha ya kuwa lugha ya Homer ni ya mapokeo. Hakuwa ameonyesha bado kwa nini waimbaji waliihitaji. Mwalimu wake Antoine Meillet, na Matija Murko aliyekuwa amewachunguza waimbaji wa Waslavi wa kusini, walimfungulia njia: twende kwa watu ambao huimba tenzi ndefu pasipo kuandika.

Katika 1933, na tena katika 1934 hata 1935, Parry alikwenda Yugoslavia. Katika safari ya pili alifuatana na mwanafunzi wake Albert Lord na mwenyeji mmoja, Nikola Vujnović, akachukua chombo cha kunasa sauti juu ya sahani za aluminiamu. Sahani walizozijaza zilipita 3,500. Waimbaji walijipigia gusle, ala iliyo mfano wa zeze.

Katika Bijelo Polje walimkuta Avdo Međedović, mchinjaji asiyejua kusoma wala kuandika. Huyu alitamka kisa cha arusi, Nikola akakiandika, kikapita mistari 12,000, karibu sawa na Odyssey. Siku moja Parry alimketisha Avdo amsikilize mwenzake akiimba kisa ambacho Avdo hakupata kukisikia, chenye mistari 2,294. Kisha akamwomba akiimbe yeye. Avdo alikiimba mara ile ile kwa mistari 6,313, akiwapamba mashujaa na kueleza mioyo yao.

Wako waliosema ya kuwa Parry amemshusha Homer awe mtu wa kuunga maneno ya wengine. Avdo ni jibu lao. Maneno ya mapokeo hayakumfunga. Ndiyo yaliyompa nafasi ya kutunga papo hapo, na kumpita mwenzake aliyerithi maneno yale yale.

Parry alikufa kwa risasi huko Los Angeles, tarehe 3 Desemba 1935, umri wake miaka 33. Kitabu alichokusudia kilikuwa na kurasa chache tu. Lord aliishika kazi hiyo, akatoa kitabu chake, The Singer of Tales, katika 1960. Na sahani zile zimehifadhiwa Harvard.

Basi yeye anayeandika utenzi au hadithi kutoka kinywani mwa mzee asitosheke na maneno ya siku moja. Amwulize alijifunza kwa nani, tena arudi kumsikiliza siku nyingine, apate kujua lipi hubadilika na lipi hudumu. Parry alifanya hivyo, na kwa kufanya hivyo alimwelewa Homer.