Kijidudu cha Kijani cha Trembley

Mwaka 1740, karibu na The Hague, Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva aliyekuwa mwalimu wa watoto wa kabaila Bentinck, aliteka maji ya mitaro pamoja na majani yake, akayaweka dirishani katika vyombo vya kioo, na humo akaona vijiti vya kijani, vyembamba mno, vilivyong'ang'ania kioo kwa ncha moja na kutawanya nyuzi kwa ncha ya pili.

Alidhani ni mimea. Lakini alipokigeuza chombo, baada ya siku kadhaa vingi vilikuwa vimehamia tena upande wa nuru. Ili kuondoa shaka, akakikata kimoja vipande viwili, kwa hoja kwamba mnyama angekufa na mmea ungechipua. Navyo vipande vyote viwili vikawa viumbe kamili, na shaka ikazidi!

Réaumur, mwanachuoni mashuhuri wa Paris, alipopelekewa baadhi yao alihukumu kuwa ni wanyama, ingawa kwangu mimi hoja nzito zaidi ni ya Trembley mwenyewe, aliyewashuhudia wakinasa viroboto wa maji na kuwameza. Linnaeus akawaita Hydra, nao mpaka leo huingia katika matangi ya samaki majumbani, wakijificha katika majani yanunuliwayo.