Kelele za Magitaa na Fedha za Makaburu

Kijana mmoja wa Kisiwa Panza, Pemba, ameniuliza: hizi kelele za hevi metali zina siasa gani?

Zinayo. Mwaka 1970, Vietnam ikiwaka moto, vijana wanne wa Birmingham, Uingereza, waitwao Black Sabbath, walitoa wimbo wa "War Pigs", wakiwashutumu wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini wakafe.

Lakini mwaka 1987 kundi hilo hilo lilipiga Sun City, mahali pa kamari na starehe ndani ya Bophuthatswana, "nchi" iliyobuniwa na makaburu. Umoja wa Mataifa ulikwishawataka wasanii wasiende. Kweli, katika wale wanne alibaki Tony Iommi peke yake. Jina, hata hivyo, lilikuwa lile lile.

Tusiwanyoshee kidole Waingereza tu. Queen walitangulia huko mwaka 1984, mwimbaji wao akiwa Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Unguja, tunayejivunia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mwaka huo huo watoto wa wakimbizi wa ANC walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro.