Kifusi cha Mikindani na Mtwara: Chokaa, Saruji na Hatima ya Nyumba Zilizobomolewa

Katika miji mingi ya Marekani na Ulaya, mwenye kubomoa ukuta hukodi kontena la chuma lililo wazi juu, likawekwa mbele ya nyumba hadi lijae, kisha likachukuliwa na lori maalumu, utaratibu uliopata nguvu baada ya mkandarasi George Dempster wa Knoxville kubuni, katika miaka ya 1930, mtambo wa kulinyanyua na kulimwaga. Msingi wa biashara hiyo ni dhana kwamba kifusi, yaani mawe, udongo na vipande vya kuta vinavyobaki baada ya kubomoa, ni mzigo ambao mwenyewe hulipa ili umwondokee. Kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, inayotoka Mikindani hadi mdomo wa mto Ruvuma, dhana hiyo ni ya juzi tu, na sababu yake kubwa ni chokaa.

Nyumba kongwe za Mikindani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni miamba iliyofanywa na viumbe wa baharini, yakaunganishwa kwa chokaa iliyotoka katika matumbawe hayohayo. Waokaji walipanga magogo kuwa tanuri la wazi, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha moto mkali uliogeuza jiwe kuwa kitu chepesi cha kupondeka, ambacho kililowekwa maji na kuachwa kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Chokaa ya namna hiyo hukauka polepole na hubaki laini kuliko jiwe inaloshika, hivyo ukuta ukibomolewa kwa uangalifu mawe huachana yakiwa mazima na hufaa kujengea tena, ilhali vipande vidogo huingia katikati ya kuta nene au chini ya sakafu, ambayo hushindiliwa kwa kokoto na chokaa. Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome ya mwanzoni mwa karne ya 19 iliyokumbatia masalia ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505, linaonyesha jinsi jengo lililokufa lilivyoweza kuwa mtaji wa jengo jipya. Na Wajerumani nao, walipojenga boma lao Mikindani mwaka 1895, hawakuwa na haja ya kuacha ufundi huo wa mawe na chokaa.

Nyumba za wengi, za nguzo, fito na udongo wa kukandika, ziliacha mabaki machache zaidi: miti iliishia jikoni, na udongo ulilowekwa upya au ukarudi shimoni ulikochimbwa.

Mabadiliko yalianza na mji wa Mtwara wenyewe, uliopangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ambao ulianguka mapema, ukaacha bandari ya kina kirefu iliyokamilika mwaka 1954 na reli iliyofungwa mwaka 1962. Saruji, iliyoletwa kwa meli na baadaye kutoka kiwanda cha Wazo Hill kilichofunguliwa mwaka 1966, ilifanya kinyume cha chokaa: hushika tofali kwa nguvu kiasi kwamba ukuta ukivunjwa hutoa mabonge yasiyojengeka tena. Wakati huohuo uchimbaji wa matumbawe hai katika ghuba ya Mikindani ulikuwa ukiharibu mazalia ya samaki, na kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000 kulizidi kuubana ufundi wa tanuri upande wa kusini. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichoanza uzalishaji mwaka 2015 nje kidogo ya mji, kilimaliza ubishi uliobaki kati ya chokaa na saruji.

Hata hivyo, kontena la kukodi halikufuata. Kinachokodiwa ni chombo pamoja na dereva wake, iwe tipa, yaani lori linalojimwaga lenyewe, au guta la magurudumu matatu, na malipo huhesabiwa kwa tripu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka taka ngumu chini ya mamlaka za serikali za mitaa, lakini kifusi kisafi hakifiki dampo kwa urahisi, kwa kuwa mwenye kiwanja cha bondeni hukihitaji kujazia msingi kabla ya kumwaga jamvi, ambalo ni zege la chini ya sakafu, na mara nyingi yeye ndiye hulipia usafiri. Mwenye kubomoa hubanwa pale tu kifusi kinapochanganyika na mifuko ya saruji, nyaya na vioo.