Meza ya Tsukiji: wasomi wa Japani na neno la uhuru

Jumuiya ya Meiroku ilikuwa baraza la wasomi wa Tokyo waliokutana mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 16, kujadili elimu na fikra za nchi za Magharibi. Ilianza kupangwa mwaka 1873, mwaka wa sita wa utawala wa Meiji, na jina lake ndilo hilo: Meiroku ni Meiji ya sita. Mahali pa kukutania palikuwa Seiyoken, mkahawa wa mapishi ya Kizungu katika mtaa wa Tsukiji. Wasomi hao walikaa vitini, si kwenye mikeka, na chakula chao kilikuwa cha kigeni kama mada zao. Miaka kumi kabla ya hapo, msomi aliyejulikana kwa kupenda mambo ya Wazungu alitembea usiku kwa hofu ya kukatwa panga.

Aliyeianzisha jumuiya hiyo, Mori Arinori, alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Mwaka 1865 alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa London kwa siri na watawala wa jimbo la Satsuma, wakati kusafiri ng'ambo bila ruhusa kulikuwa kosa kubwa mbele ya sheria. Baadaye akawa mjumbe wa serikali mpya mjini Washington, na huko, mwaka 1872, alichapisha kwa Kiingereza kijitabu cha kutetea uhuru wa dini nchini kwake. Aliporudi alikuja na jambo aliloliona Marekani: wasomi wa fani mbalimbali wanaunda chama, wanakutana, wanabishana, kisha wanachapisha walichobishania. Japani haikuwa na desturi hiyo. Msomi alikuwa na mwalimu wake juu na wanafunzi wake chini. Msomi wa shule nyingine alikuwa mshindani wake, au mtu asiyemjua kabisa.

Mori alisaidiwa na Nishimura Shigeki, mtu mzima kuliko yeye na mshika maadili ya Confucius, kukusanya waanzilishi 10. Nishi Amane na Tsuda Mamichi walikuwa wamesoma Uholanzi, mjini Leiden, kuanzia 1863 hadi 1865, wakifundishwa sheria na uchumi na Profesa Simon Vissering. Mitsukuri Rinsho alikuwa amekabidhiwa na serikali kazi ya kutafsiri sheria za Ufaransa. Kato Hiroyuki alisoma vitabu vya Kijerumani. Nakamura Masanao alirudi kutoka London mwaka 1868, na Fukuzawa Yukichi alikuwa ameshafika Marekani na Ulaya na kuanzisha shule yake ya Keio. Ukimwondoa Fukuzawa, karibu wote walikuwa wakila mshahara wa serikali au wameshawahi kuula. Jambo hilo ndilo lililoamua mwisho wa jumuiya yenyewe.

Kabla ya kujadili uhuru, wasomi hawa walihitaji neno la kuuita, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Neno lililoshinda hatimaye, *jiyu*, halikuwa jipya. Lilitoka katika Kichina cha kale na lilikuwa limetumika Japani kwa karne nyingi, ila mara nyingi lilitajwa kwa lawama. Mtu wa *jiyu* alikuwa yule ajifanyiaye apendavyo, asiyeshikika, asiyejali wakubwa wala desturi. Kulichukua neno la namna hiyo na kulifanya jina la haki ya binadamu kulikuwa sawa na kumwambia mzazi wa Kiswahili kwamba mwanawe anastahili kupewa ujeuri. Fukuzawa aliliona tatizo hilo mapema. Katika kitabu chake cha kueleza mambo ya Magharibi, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1866, aliwaonya wasomaji kwamba tafsiri hii haitoshelezi, na kwamba maana iliyokusudiwa si ubinafsi wala kuvunja sheria.

Nakamura ndiye aliyelipeleka neno hilo mbali zaidi. Alikuwa mwanachuoni wa mafundisho ya Confucius, tena wa ngazi ya juu, aliyetumwa Uingereza mwaka 1866 kuwasimamia vijana waliokwenda kusoma. Utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa kabla ya enzi ya Meiji, ulipoanguka safari ikakatika. Wakati wa kuagana, rafiki yake Mwingereza alimzawadia kitabu cha Samuel Smiles kuhusu watu waliojiinua kwa juhudi zao wenyewe, na Nakamura alipofika Japani alikitafsiri akiwa mjini Shizuoka, walikohamia watumishi wa shogun waliopoteza kazi. Kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana enzi ile. Mwaka 1872 akatoa tafsiri ya kitabu cha John Stuart Mill juu ya uhuru, kilichotoka London mwaka 1859. Tafsiri hiyo ilichapishwa kwa mbao zilizochongwa, na akaiita *Jiyu no ri*, yaani kanuni ya uhuru.

Ndani ya kazi hiyo kulikuwa na shimo. Mill hakuhofia serikali peke yake. Alihofia pia jamii, yaani nguvu ya majirani, mazoea na maoni ya walio wengi juu ya mtu mmoja anayefikiri tofauti. Lakini Kijapani cha wakati ule hakikuwa na neno la jamii kwa maana hiyo. Kulikuwa na ukoo, kijiji, tabaka, jimbo na dola. Chombo kimoja kinachowakusanya watu wote bila kuwa serikali hakikuwa na jina. Nakamura alihangaika. Pengine aliandika maneno yenye maana ya kundi la wenzi, pengine akaongeza kwamba kundi hilo ndilo serikali, na ilimbidi atunge mfano wa kijiji cha kaya 100 ili msomaji aone jambo linalozungumzwa. Matokeo yake ni kwamba ugomvi wa Mill baina ya mtu na jamii uligeuka, katika kurasa nyingi, kuwa ugomvi baina ya mtu na serikali. Neno *shakai*, linalotumika hadi leo kwa maana ya jamii, lilianza kuzoeleka miaka michache baadaye. Mkanganyiko huo wa Nakamura ulikuwa kosa la tafsiri lililozaa matunda: msomaji wa Kijapani alikutana na Mill aliye mwanasiasa mkali kuliko yule wa London.

Mmoja wa wasomaji hao alikuwa Kono Hironaka, samurai wa zamani kutoka kaskazini mashariki mwa nchi. Mwaka 1873 alikisoma kitabu hicho akiwa juu ya farasi, njiani. Alisimulia baadaye kwamba alipanda farasi akiwa mtu wa mafunzo ya kale, anayewadharau wageni, na safari ilipokwisha fikra zake zote zilikuwa zimepinduka. Akawa kiongozi mkubwa wa harakati za kudai haki za wananchi.

Jumuiya yenyewe ilipitisha kanuni zake Februari 1874. Fukuzawa aliombwa awe rais, akakataa, nafasi ikaenda kwa Mori. Mwaka huo huo ukatoka *Meiroku Zasshi*, jarida la kurasa chache lililobeba hotuba na makala za wanachama, na lililouzwa kwa wastani wa nakala zaidi ya 3,000 kwa toleo, idadi kubwa kwa nyakati zile. Humo Mitsukuri Rinsho alieleza asili ya neno la uhuru, akalifuata hadi Roma ya kale, ambako watu waligawanywa kuwa watumwa na waungwana. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri mpaka Roma. *Huru* lilikuja pwani kutoka Kiarabu likiwa tayari kinyume cha mtumwa, na kabla halijawa neno la bendera na katiba lilikuwa neno la aliyeachwa huru na bwana wake. Wajapani hawakuwa na historia ya namna hiyo ndani ya neno lao. Ilibidi waipate kwenye vitabu vya wengine.

Makala nyingine zilishika mambo ya papo kwa papo. Tsuda Mamichi aliandika dhidi ya kuwatesa watuhumiwa ili wakiri, jambo ambalo mahakama za Japani zilikuwa bado zikilifanya kisheria na ambalo lilifutwa mwaka 1879. Mori aliandika juu ya wake na masuria, akashikilia kuwa ndoa ni mapatano ya watu wawili wenye haki, na Februari 1875 mwenyewe akaoa kwa mkataba wa maandishi, Fukuzawa akiwa shahidi. Nishi, katika toleo la kwanza kabisa, alipendekeza Kijapani kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Wengine walijibu, wakapinga, wakacheka. Jarida lile lilikuwa na sifa ambayo majarida mengi ya wasomi hayana: mtu alikosolewa na mwenzake aliyekula naye meza moja, na wakaonana tena baada ya wiki mbili.

Hata kuhutubia kulikuwa jambo la kujifunza. Mwalimu wa Kijapani alizoea kufafanua maandiko mbele ya wanafunzi waliokaa kimya. Mtu kusimama na kuwaambia wenzake maoni yake mwenyewe kwa lugha ya kawaida hakukuwa na jina wala utaratibu. Mori alishikilia kwamba hotuba ya aina hiyo inawezekana kwa Kiingereza tu. Fukuzawa aliamini vingine, na katika kikao kimoja, kama alivyosimulia uzeeni, akaanza kuongea akiwa amekaa na wenzake kuhusu msafara wa kijeshi uliopelekwa Taiwan mwaka 1874, bila kutangaza kwamba anahutubia. Akaendelea kwa muda mrefu. Alipomaliza akawauliza kama wameelewa, wakasema wameelewa yote. Basi, akawaambia, hiyo ndiyo hotuba, na ni kwa Kijapani. Mwaka 1875 akajenga ukumbi wa hotuba katika shule yake ya Keio. Jengo hilo lipo mpaka leo, mtaani Mita.

Ubishi mzito kuliko wote ulihusu wabishi wenyewe. Mapema mwaka 1874 Fukuzawa alichapisha hoja kwamba wajibu wa msomi ni kukaa nje ya serikali. Taifa lina serikali yenye nguvu, alidai, na watu wasio na nguvu; wasomi wote wakikimbilia vyeo, watu watajifunza kutoka kwao kwamba hakuna jambo linalowezekana ila kwa mkono wa dola. Lilikuwa kombora lililoelekezwa mezani. Toleo la pili la jarida likajaa majibu. Kato alimwona amezidisha uliberali hadi kuipunguzia serikali nguvu inazohitaji. Mori alijibu kuwa mtumishi wa serikali naye ni mwananchi. Tsuda alisema moyo wa kujitegemea unaweza kukaa ndani ya ofisi kama unavyokaa nje. Nishi alijibu kwa upole zaidi, akikubali kwamba wengine wabaki ndani na wengine nje, kila mtu kwa kipaji chake.

Mwezi wa Januari 1874 mwanasiasa Itagaki Taisuke na wenzake waliwasilisha ombi la kutaka bunge lililochaguliwa. Hapa wanazuoni wa uhuru waligawanyika. Kato alisema ni mapema mno, watu bado hawajaelimika. Mori naye alikuwa na shaka na waombaji. Wengine, Tsuda akiwamo, walitafuta njia ya kuanza na wapiga kura wachache. Hakuna aliyesema bunge lisije kamwe, na wachache sana walisema lije kesho.

Hali ya hewa ilibadilika tarehe 28 Juni 1875. Serikali, iliyochoshwa na magazeti, ilitoa sheria mbili: moja ya kudhibiti magazeti, nyingine dhidi ya kashfa. Zote ziliweka adhabu za faini na kifungo, na wahariri wakaanza kwenda jela. Mwaka uliotangulia Tsuda alikuwa ameandika katika jarida la jumuiya kuomba uchapishaji uwe huru. Sasa swali likawa jarida lenyewe lifanye nini.

Wanachama walikutana Septemba. Fukuzawa, yule asiye na mshahara wa serikali, ndiye aliyependekeza lifungwe. Hoja yake ilikuwa kavu: mwandishi ama apinde fikra zake zilingane na sheria, ama aandike anachoamini na kusubiri adhabu, na watu waliokaa mezani pale, kwa vyeo vyao, hawawezi kufanya la kwanza kwa heshima wala la pili kwa ujasiri. Mori alipinga. Jumuiya, alisema, haikuundwa kujadili siasa za siku, kwa hiyo isijifunge kwa hofu ya jambo ambalo halijatokea. Wengi walikuwa upande wa Fukuzawa. Toleo la 43, la Novemba 1875, likawa la mwisho.

Wanachama hawakutawanyika mara moja. Wengi wao walikutana tena katika Akademia ya Tokyo, iliyoundwa na serikali mwaka 1879, Fukuzawa akiwa rais wake wa kwanza. Kato alikwenda mbali zaidi na rafiki zake wa zamani: mwaka 1881, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliviondoa sokoni vitabu vyake mwenyewe vilivyotetea haki za asili za binadamu, na mwaka uliofuata akachapisha kingine cha kuzikanusha. Mori akawa Waziri wa Elimu mwaka 1885.

Katiba ya Meiji ilitangazwa tarehe 11 Februari 1889. Kifungu chake cha 29 kiliwapa raia uhuru wa kusema, kuandika, kuchapisha na kukutana, ndani ya mipaka ya sheria. Asubuhi ya siku hiyo, Mori alipokuwa akijiandaa kwenda kwenye sherehe, kijana aliyemtuhumu kwa kulidharau hekalu la Ise alimchoma kisu nyumbani kwake. Alifariki siku ya pili.