Maji Hufuata Mkondo: Vyombo vya Elimu na Watoto wa Laini Saba

Kusini-magharibi mwa mji wa Nairobi iko Kibera, na ndani ya Kibera kiko kijiji kiitwacho Laini Saba. Wazee husimulia kuwa jina hilo latokana na uwanja wa shabaha wa askari wa King's African Rifles, kwa kuwa hapo ndipo ulipokuwa mstari wa saba wa kulengea bunduki. Leo hapasikiki mlio wa risasi. Husikika sauti za watoto wakisoma kwa pamoja nyuma ya kuta za mabati.

Insha hii yahusu elimu ya watoto hao, na vyombo ambavyo kwa muda wa miaka sitini hivi vimeahidiwa kumsaidia mwalimu wa Kenya: redio, masomo ya posta, satelaiti, kompyuta na mtandao. Swali letu ni moja. Kwa nini chombo kilichokwisha kufika Nairobi kilichelewa kufika Laini Saba, mahali palipo kilomita chache tu kutoka katikati ya mji mkuu?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuanza na ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi, ambao asili yao ni Sudan, walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu huo, nao wakauita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Mwaka wa 1918 Serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo hilo, kiasi cha eka 4,197, kuwa hifadhi ya kijeshi. Lakini wakazi wake hawakupewa hati za kumiliki ardhi. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 watu wa makabila mengi walihamia Kibera kutafuta kazi na vyumba vya kodi nafuu, nao pia wakaishi bila hati. Jamii ya Wanubi ilipata hati yake mwaka wa 2017, nayo ilikuwa ya eka 288 tu.

Mahali pasipo hati ni vigumu kupata bomba la maji, nguzo ya umeme na shule ya Serikali. Kwa sababu hiyo shule za Serikali zilijengwa zaidi pembezoni mwa Kibera, na ndani yake wazazi, walimu na watu wa dini wakajijengea zao kwa mbao na mabati. Mwezi wa Januari 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi. Hata hivyo, mwaka huo huo wachunguzi walioongozwa na James Tooley walihesabu ndani ya Kibera shule 76 zisizo za Serikali. Nyingi kati ya hizo hazikuwa katika orodha ya Wizara ya Elimu. Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana litatufaa mbele.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Redio ilitangulia. Tangu miaka ya kwanza ya uhuru vipindi vya shule vilitangazwa, na mwaka wa 1967 chuo kikuu kilichokuwa Nairobi kilianzisha, huko Kikuyu, idara ya masomo kwa njia ya posta iliyochanganya vitabu na redio. Baina ya mwaka wa 1980 na 1985 likafanywa jaribio kubwa la kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza. Kila siku kwa muda wa nusu saa sauti ya redio ilisema, ikanyamaza, na watoto wakajibu, mwalimu akiwa pamoja nao. Watoto hao walipopimwa walionekana kuwashinda wenzao waliofundishwa bila redio. Lakini fedha za wafadhili zilipokwisha, mpango huo haukuenezwa katika shule zote za nchi.

Vyuo vikuu navyo vilijaribiwa. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, ambacho makao yake makuu yalihamishiwa Nairobi mwaka wa 2002. Mwanzoni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitazama mihadhara iliyoletwa kwa satelaiti kutoka ng'ambo. Elimu ilikuwa njema, lakini mhadhiri alikuwa mbali, saa za huko hazikuwa saa za hapa, na mifano yake ilikuwa ya nchi nyingine.

Mwaka wa 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, walipokuwa wakiomba kura, waliahidi kuwa kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya Serikali atapewa kompyuta. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2016 kazi ilianza upya, safari hii kwa vishikwambi. Haki ya Serikali tuitoe: kabla ya kugawa vyombo ilijitahidi kupeleka umeme katika shule za msingi, na mwishowe vyombo zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Lakini mgawo ulifuata orodha ya shule za Serikali. Mtoto aliyesoma nyuma ya ukuta wa mabati katika shule isiyokuwamo katika orodha hiyo hakupata kitu. Si kwamba mtu fulani alimchukia. Jina la shule yake halikuwamo, basi. Maji hufuata mkondo, na vyombo vya Serikali hufuata daftari.

Hata palipofika vishikwambi mambo hayakuwa rahisi. Walimu wengine walikuwa wamefunzwa kwa siku chache tu. Kwa kuogopa wezi, shule zililazimika kuvifungia vyombo katika kabati za chuma, na chombo kikaacha kuwa kalamu kikawa hazina ya kulindwa.

Kisha ukaja mwaka wa 2020, uliopima kila kitu. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona ameonekana Kenya, na siku mbili baadaye shule zote ziliamriwa kufungwa. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Vyuo vikuu vilihamishia mihadhara katika kompyuta. Mwezi wa Julai kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa mtandao kwa maputo makubwa yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 juu ya ardhi. Huduma hiyo ilikoma mwaka uliofuata.

Basi mtandao ulikuwa angani, juu kabisa ya mabati ya Laini Saba. Lakini chini ya mabati hayo hali ilikuwa nyingine. Chumba kimoja kilikuwa jiko, malazi na darasa. Simu ya nyumba mara nyingi ilikuwa moja, na baba au mama aliondoka nayo asubuhi kwenda kutafuta kibarua. Fedha za kununua data zilishindana na fedha za unga. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuwa imekwisha kuonyesha kuwa, katika kila nyumba 100 za Kenya, kiasi cha 57 zilikuwa na redio, na 9 hivi tu zilikuwa na kompyuta. Na vile vishikwambi zaidi ya milioni moja? Vilikuwa mali ya shule. Shule zilipofungwa, navyo vilifungiwa.

Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi wanafunzi wa darasa la nne, la nane na Kidato cha Nne. Wengine walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Mwezi wa Machi 2021 watahiniwa waliketi kufanya mitihani yao ya taifa. Karatasi ilikuwa moja kwa wote: kwa yule aliyesoma miezi yote mbele ya kompyuta, na kwa yule aliyeshinda akichota maji na kulea wadogo zake. Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Upungufu wa chombo ni upungufu wa maksi, na maksi ndizo zilizofungua au kufunga mlango wa shule ya sekondari na wa chuo kikuu.

Je, tuseme basi kwamba kompyuta haziwafai maskini? La, hasha! Historia ya Kibera yenyewe yakanusha neno hilo. Mpaka mwaka wa 2009 ramani zilizotumiwa na watu wengi zilikiacha kitongoji hiki kama mahali patupu. Mwaka huo vijana wa Kibera walijifunza kutumia vyombo vya kupimia mahali kwa satelaiti, wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakaandika visima, zahanati, vyoo na shule. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Baadaye walichora ramani ya shule za Kibera, za Serikali na zisizo za Serikali pamoja. Vijana hao walikuwa na shida ileile ya umeme na ya fedha. Tofauti ilikuwa kwamba wao wenyewe walikuwa na swali lililotaka jibu, na walikuwa na mtu wa kuwafundisha ana kwa ana mpaka mikono yao ikazoea.

Kutokana na habari hizi twapata mafunzo mawili. La kwanza, mwalimu hutangulia chombo. Redio ya miaka ya 1980 ilifaulu ikiwa pamoja na mwalimu darasani. Kishikwambi kisicho na mwalimu aliyekizoea hulala kabatini. La pili, na ndilo kubwa, chombo hakimfikii mtoto kwa sababu tu kimenunuliwa. Humfikia kwa njia iliyokwisha kuchimbwa: hati ya ardhi, waya wa umeme, jina la shule katika orodha. Atakaye maji yafike Laini Saba hana budi kuchimba mfereji mpaka Laini Saba.

Wewe usomaye insha hii huenda siku moja ukawa mwalimu, mhandisi au mtunga sheria. Siku hiyo utakapoletewa karatasi ya kugawa vyombo vipya, kabla ya kutia sahihi uliza ni shule zipi ambazo majina yake hayamo.