Kani na mwendo: Kwa nini abiria hurushwa mbele breki zinapofungwa

KILA abiria wa matatu amewahi kuyaona haya: dereva afunga breki ghafla, na watu wote garini wainamia mbele kana kwamba kuna aliyewasukuma kutoka nyuma. Hakuna aliyewasukuma. Kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, imelizuia gari; miili ya abiria ingali ina kasi ile ile ya awali.

Hiki ndicho kiini cha kanuni ya kwanza kati ya tatu za mwendo ambazo mwanasayansi Mwingereza, Isaac Newton, alizichapisha mwaka wa 1687. Kanuni hiyo yasema kuwa kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachosonga kitaendelea kusonga kwa kasi ile ile na kwa mstari ulionyooka, hadi kani kutoka nje iibadilishe hali hiyo. Kwa karne nyingi kabla yake, wasomi walishikilia mafundisho ya Aristotle wa Ugiriki kwamba kitu hakisongi pasipo kusukumwa. Si imani ya kuchekwa, kwani mpira ukiviringishwa uwanjani husimama baada ya muda. Lakini haujisimamishi. Husimamishwa na msuguano wa nyasi na hewa, na msuguano nao ni kani.

Msuguano huo huo ndio humwokoa dereva. Breki hupunguza mzunguko wa magurudumu, tairi zikashika lami, nayo lami ikalisukuma gari kinyume cha linakoelekea. Mvua inaponyesha, au tairi zikiwa zimelika, gari huteleza hata dereva akanyage breki kwa nguvu zake zote.

Kanuni ya pili ndiyo yenye hesabu: kani inayohitajika hutokana na uzani wa kitu ukizidishwa kwa jinsi kasi yake inavyobadilika kila sekunde. Tuseme mama amempakata mtoto wa kilo 10 katika gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambazo ni takriban mita 14 kwa sekunde. Gari likigonga kitu na kasi hiyo ikaisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mama atahitaji kani ya niutoni 1,400 kumzuia mtoto. Hiyo ni sawa na kuinua ghafla kilo 140, yaani gunia moja na nusu la mahindi. Hata mama aliyejifunga mkanda hana mikono ya kuyaweza hayo.

Mkanda hauondoi kani. Huisambaza kwenye mifupa ya kifua na nyonga, na kwa kunyumbuka kidogo huongeza muda wa mwili kusimama. Muda ukizidi mara mbili, kani hupungua kwa nusu. Hapa kanuni ya tatu pia yaonekana: mwili unapousukuma mkanda, mkanda nao huusukuma mwili kwa kiasi kile kile. Asiyejifunga husukumwa na kiti cha mbele au kioo.

Kasi ndiyo huwahadaa wengi. Ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 40 kwa saa husimama kwa takriban mita 9. La kilomita 80 huhitaji mita 35.

Kilomita 80 kwa saa ndicho kiwango ambacho kanuni za Waziri wa Uchukuzi wakati huo, John Michuki, ziliwekea matatu nchini Kenya kuanzia Februari 2004, pamoja na vidhibiti mwendo na mikanda kwa kila abiria. Kidhibiti kikichezewa na gari likafika kilomita 100, umbali huo huwa mita 55, kando na mita 28 zinazopita katika sekunde moja ya dereva kutambua hatari na kuinua mguu.